Mipira ya ombwe ya kabureta: Mwongozo kwa wenye magari makongwe ya gia nusu otomatiki kisiwani Mombasa

NA MWANDISHI WETU

FOLENI ya magari katika kisiwa cha Mombasa huyajaribu magari yote, lakini huyajaribu zaidi magari ya zamani. Kuanzia Mwembe Tayari hadi Barabara ya Digo, na kutoka Makupa hadi kivuko cha Likoni, gari husogea hatua chache, likasimama, kisha likasogea tena. Dereva hubadilisha gia mara nyingi katika mwendo wa kilomita moja kuliko anavyobadilisha katika safari nzima ya barabara kuu.

Kwa mwenye gari kongwe la gia nusu otomatiki, yaani lile ambalo dereva huingiza gia kwa mkono lakini halina kikanyagio cha klachi, kila badiliko hilo la gia hutegemea mipira michache iliyofichika nyuma ya injini. Mipira hiyo haipitishi petroli wala mafuta. Hupitisha hewa tu, au tuseme hupitisha ukosefu wa hewa. Ukipasuka mmoja, gia hukwaruza au hukataa kuingia. Ukiunganishwa mahali pasipo pake, klachi huungua kidogo kidogo huku mwenye gari akidhani sanduku la gia limekwisha.

Makala haya yanaeleza kazi ya kila mpira, namna ya kuiunganisha, na jinsi ya kupima kama kazi imefanywa sawasawa. Yanatilia mkazo jambo moja ambalo ndilo chanzo cha makosa mengi: mpira mwembamba wa kabureta na mpira mnene wa manifoldi huonekana kama ndugu, lakini tabia zao ni kinyume kabisa.

Gari linalozungumziwa

Mfano ulio mashuhuri zaidi ni Volkswagen Beetle yenye mtambo ulioitwa Automatic Stickshift. Kiwanda cha Volkswagen cha Ujerumani kilianza kuutoa mtambo huo mwaka 1967, kwa magari ya toleo la 1968, na kikaendelea nao hadi katikati ya miaka ya 1970. Karmann Ghia nayo iliupata. Mwaka huo huo wa 1967 magari mengine mawili ya Ujerumani yalitoka na mitambo ya aina moja nao: NSU Ro 80 na Porsche 911 iliyoitwa Sportomatic. Yote hayo yalitumia utaalamu wa kampuni ya Fichtel & Sachs, na katika yote klachi ilivutwa kwa nguvu ya ombwe.

Beetle ina historia ndefu katika Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, magari hayo yenye umbo la kobe yalikuwamo, na yakashinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Magari hayo ya mashindano yalikuwa ya klachi ya mguu, lakini sifa waliyoyapatia ndugu zao ilibaki: injini ya kupozwa kwa hewa, isiyo na rejeta ya maji, inayotengenezeka kwa vifaa vichache. Beetle ya mwisho ya aina hiyo ilitoka katika kiwanda cha Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21 kuundwa.

Kwa hiyo hakuna jipya linalotengenezwa. Kwa Mkenya kuna kizuizi kingine: kanuni za ubora za nchi zinazuia kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Mtambo wa gari kongwe ukiharibiwa gerejini, si rahisi kuagiza gari jingine la namna hiyo ng'ambo. Ndiyo maana kosa la mpira mmoja lina uzito mkubwa kuliko bei ya mpira wenyewe.

Ombwe hutoka wapi

Ombwe, ambalo mafundi wengi huliita vakyumu, ni hali ya mahali kukosa hewa, au kuwa na hewa chache kuliko ya nje. Injini ya petroli hutengeneza ombwe yenyewe. Pistoni ikishuka huvuta hewa kupitia kabureta. Kilango cha kabureta kikiwa kimefungwa, kama ilivyo injini inaponguruma bila dereva kukanyaga mafuta, pistoni hukosa hewa ya kutosha. Hapo ndipo ombwe kali hutokea ndani ya manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa na petroli kwenda katika silinda.

Hewa ya nje, kwa kuwa ina uzito, hulazimisha kuingia mahali hapo penye upungufu. Ukiweka kiwambo katikati, hewa itakisukuma kiwambo hicho, na kiwambo kitavuta fimbo. Huo ndio msuli unaofanya kazi ya mguu wa kushoto wa dereva.

Mahali gari lilipo pana athari. Mombasa iko usawa wa bahari, ambapo kani ya hewa ni takriban milibari 1,013. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na huko kani hiyo hushuka hadi karibu milibari 830. Gari likishuka kutoka bara kuja pwani, hewa ya kusukuma kiwambo huwa nzito zaidi. Papo hapo kabureta iliyorekebishwa kwa hewa nyepesi ya Nairobi huanza kutoa petroli kidogo mno kulingana na hewa nzito ya pwani, na injini hupata joto. Gari lililonunuliwa bara linafaa kurekebishwa upya kabureta kabla ya mipira kulaumiwa.

Klachi huendeshwaje bila mguu

Ndani ya mtambo huu mna vitu viwili vinavyopokezana kazi. Cha kwanza ni konvata, chombo chenye mafuta ya otomatiki kinachopitisha nguvu ya injini kwa mzunguko wa mafuta. Konvata ndiyo inayoliwezesha gari kusimama likiwa katika gia bila injini kuzima. Cha pili ni klachi ya kawaida ya sahani kavu, ambayo kazi yake ni kutenganisha sanduku la gia na injini kwa muda mfupi tu gia inapobadilishwa.

Dereva anapoushika mkono wa gia, vipande viwili vya chuma vilivyo chini yake hugusana na kukamilisha njia ya umeme. Umeme huamsha sumaku iliyo juu ya vali ya kuongoza, ambayo imefungwa upande wa kushoto wa chumba cha injini. Sumaku huinua vali kuu. Njia ya ombwe hufunguka kuelekea servo, kopo lenye kiwambo lililo kando ya sanduku la gia. Kiwambo cha servo huvuta mkono wa klachi, klachi huachia, na dereva huingiza gia.

Anapouachia mkono wa gia, umeme hukatika na vali kuu hufunga. Sasa hewa lazima irudi katika servo ili klachi ishike tena. Ikirudi kwa ghafla, gari litaruka. Ikirudi polepole mno, injini itavuma huku sahani ya klachi ikisuguana na kuungua. Inayoamua kasi ya hewa hiyo ni vali ndogo ya kupunguza, nayo hupokea amri kutoka kwa kabureta kupitia ule mpira mwembamba.

Pumzi mbili zilizo kinyume

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika gari moja kuna ombwe la aina mbili.

Ombwe la manifoldi huwa kali kilango cha kabureta kinapofungwa, na hudhoofika kinapofunguliwa. Dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho, ombwe hilo karibu hutoweka.

Ombwe la venturi hutoka katika koo la kabureta, mahali palipobanwa ili hewa ipite kwa kasi. Hewa inapopita kwa kasi katika njia nyembamba, kani yake hupungua. Kwa hiyo ombwe hili huwa dhaifu injini inaponguruma taratibu, na huwa na nguvu dereva anapokanyaga mafuta na hewa nyingi kupita. Ni kama kaskazi na kusi: pepo mbili za pwani moja, ila kila moja huvuma wakati mwenzake umetulia.

Waliobuni mtambo huu walilitumia ombwe la manifoldi kama nguvu na ombwe la venturi kama ujumbe. La kwanza huvuta klachi. La pili huiambia vali ya kupunguza kile ambacho dereva anakitaka. Akiwa amekanyaga mafuta baada ya kubadilisha gia, anataka kuendelea mbele upesi. Ombwe la venturi huvuta kiwambo cha vali, hewa huingia kwa wingi katika servo, na klachi hushika haraka. Akiwa hajakanyaga mafuta, kwa mfano anapopunguza gia akiteremka, ujumbe huwa hafifu, hewa huingia taratibu, na klachi hushika kwa upole.

Sasa tazama linalotokea fundi anapouchomeka mpira mwembamba kwenye ombwe la manifoldi badala ya venturi. Mguu ukiwa nje ya mafuta, ombwe ni kali. Vali hufunguka wazi. Klachi hushika kwa kishindo wakati ilipotakiwa kuwa pole. Mguu ukiwa juu ya mafuta, ombwe hutoweka; vali hubana; klachi huchelewa wakati ilipotakiwa kuwahi. Gari huruka foleni inapokwenda polepole, na huvuma bila kusonga linapopanda mlima. Dalili zote mbili hufanana na klachi iliyoisha, ilhali klachi ni nzima.

Mipira mitano na makao yake

Mwenye gari anapaswa kuijua mipira mitano. Minne ni ya klachi, na wa tano si wa klachi ingawa hukaa jirani.

Wa kwanza ni mpira mnene unaotoka katika manifoldi, chini ya kabureta, kwenda kwenye vali ya kuongoza. Huu ndio chanzo cha nguvu.

Wa pili ni mpira mnene unaotoka katika vali ya kuongoza kwenda kwenye tangi la ombwe, ambalo katika Beetle limefungwa chini ya madigadi ya nyuma upande wa kushoto. Tangi hili ni akiba. Kwa kuwa ombwe la manifoldi hutoweka mafuta yanapokanyagwa, gari lingekosa nguvu ya kuvuta klachi wakati ule ule linapoihitaji. Vali ya njia moja huzuia akiba hiyo isirudi kwenye injini.

Wa tatu ni mpira mnene unaotoka katika vali ya kuongoza kwenda kwenye servo.

Wa nne ni mpira mwembamba unaotoka kwenye tundu la venturi la kabureta kwenda juu ya vali ya kuongoza, penye kiwambo.

Wa tano ni mpira wa distributa, unaotoka kwenye kabureta na kuendesha kiwambo cha kuwahisha cheche za plagi. Baadhi ya matoleo ya miaka ya 1970 yana distributa yenye mipira miwili. Mipira ya distributa haipaswi kuunganishwa na wa klachi kwa kiungo cha matawi matatu, maana kila mmoja utaiba ujumbe wa mwenzake: cheche zitapotea wakati wake na klachi itapokea amri iliyopungua nguvu.

Zingatia pia kwamba kabureta ya Beetle ya klachi ya mguu huenda ikafunga vizuri kabisa kwenye injini hii, lakini isiwe na tundu la venturi la mpira wa nne. Anayenunua kabureta mbadala na ahesabu matundu kabla ya kutoa pesa.

Hatua za kuunganisha

Kazi hii haihitaji vifaa vya gharama. Inahitaji utulivu, mwanga wa kutosha na injini iliyopoa.

1. Piga picha au chora mahali pa kila mpira kabla ya kugusa chochote, hata kama unashuku umeunganishwa vibaya. Mchoro wa makosa una faida kuliko kumbukumbu.

2. Funga kila mpira karatasi yenye namba, na tundu lake namba hiyo hiyo.

3. Ondoa mpira mmoja, weka mpya, ndipo uende kwa mwingine. Anayeing'oa yote kwa pamoja hujitafutia fumbo.

4. Tumia mpira wenye ukuta mnene uliotengenezwa kuhimili ombwe na joto. Mpira wa maji wa plastiki hulainika kwa joto la injini, kisha ombwe hulibana tumbo lake likafungana. Kwa nje huonekana mzima, ndani hakuna njia. Mpira uliotengenezwa kwa ajili ya breki zenye kusaidiwa na ombwe unafaa kwa njia zile nene.

5. Kata mpira kwa kisu kikali ili ncha iwe sawa. Usiuache mrefu ukajikunja, wala mfupi ukavutika injini inapotikisika.

6. Kabla ya kuunganisha, pitisha hewa katika kila bomba la chuma na kila tundu. Kutu na vumbi hujikusanya kwenye pembe.

7. Anza na servo, kisha tangi, kisha manifoldi, na umalizie na mpira mwembamba wa venturi. Kwa mpangilio huo huwezi kuusahau ule ulio mdogo.

8. Kaza kila ncha ya mpira mnene kwa klipu. Mpira uliolegea leo huchomoka kesho njiani.

Katika chumba hicho hicho hupita mpira wa petroli. Ukaguzi wa mipira ya ombwe ni fursa ya kuukagua huo pia, maana mpira wa petroli uliopasuka juu ya injini ya moto ni chanzo cha moto, na mwili wa injini ya Beetle umetengenezwa kwa mchanganyiko wenye madini ya magnesi, ambayo yakishika moto huwa vigumu kuzimwa. Kamwe usitumie mpira wa ombwe kupitishia petroli.

Vipimo vya kujiridhisha

Baada ya kuunganisha, pima kwa utaratibu, ukianza na umeme, kisha ombwe, kisha mwendo.

Kipimo cha umeme: washa swichi bila kuwasha injini. Shika mkono wa gia na usikilize nyuma. Unatakiwa kusikia mlio mfupi wa sumaku ya vali. Usiposikia, tatizo liko kwenye fyuzi, waya au vipande vya kugusana chini ya mkono wa gia. Usiiguse mipira.

Kipimo cha ombwe: weka gia huru, funga breki ya mkono na uzibe magurudumu kwa mawe. Washa injini iache ingurume. Mtu mmoja aushike mkono wa gia na kuuachia, na mwingine atazame mkono wa servo bila kuweka vidole karibu. Ukishikwa, servo ivute; ukiachiwa, irudi. Iwapo ni lazima gari liinuliwe, liwekwe juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake.

Kipimo cha akiba: zima injini, washa swichi tena, kisha shika mkono wa gia. Servo inapaswa kuvuta angalau mara chache kwa ombwe lililobaki katika tangi. Ikikataa mara ya kwanza tu, tangi limetoboka au vali ya njia moja haizuii.

Kipimo cha mwendo: kifanyike katika barabara iliyo wazi, si katika vichochoro vya Mji wa Kale. Ukiwa katika mwendo wa wastani, punguza gia moja bila kukanyaga mafuta, uachie mkono wa gia na uhesabu. Klachi inatakiwa kushika kikamilifu kwa takriban sekunde 1. Ikishika papo hapo kwa kishindo, au ikichelewa mno, kuna skrubu ndogo ya kurekebisha juu ya vali ya kuongoza. Tia alama mahali ilipo, kisha izungushe robo ya mzunguko tu kila mara na kupima upya. Skrubu hii ni ya mwisho kuguswa. Haiwezi kuponya mpira uliopasuka.

Dalili na sababu zake

Injini hunguruma bila utulivu na gia hukwaruza: kuna uwezekano mkubwa kwamba hewa inavuja katika mpira wa manifoldi au wa tangi. Ubane mpira wa manifoldi kwa koleo iliyofungwa kitambaa. Injini ikitulia, uvujaji uko mbele ya hapo.

Injini ni tulivu, lakini hubadilika mlio pindi tu mkono wa gia unaposhikwa, na gia hukwaruza: chunguza mpira wa servo au kiwambo chake, maana njia hiyo hufunguka wakati huo tu.

Gia huingia vizuri gari likiwa limesimama, lakini hukataa baada ya kupanda mlima kwa mafuta mengi: akiba haidumu. Chunguza tangi na vali ya njia moja.

Injini huvuma na gari halisongi kabisa katika gia yoyote: yawezekana mpira wa servo na wa tangi imebadilishana mahali, hivyo servo inavutwa wakati wote.

Klachi huchelewa kila mara, mafuta yakanyagwe yasikanyagwe: mpira mwembamba wa venturi umechomoka, umeziba au umepasuka.

Klachi hushtua mguu ukiwa nje ya mafuta na huchelewa mguu ukiwa juu ya mafuta: mpira mwembamba uko kwenye ombwe la manifoldi. Urudishe kwenye venturi.

Kutafuta mahali panapovuja, nyunyiza maji kidogo kwenye viungo injini ikinguruma, ukiepuka waya za plagi na distributa. Mlio ukibadilika, umepata. Wapo wanaonyunyiza petroli kwa kazi hii. Hilo ni hatari lisilo na sababu, kwa kuwa maji hutoa jibu lile lile.

Joto, chumvi na vichochoro

Mazingira ya kisiwa huongeza kasi ya uchakavu. Joto hukausha mpira ukawa mgumu kama mti na kupasuka kwenye mapindo. Hewa ya bahari hubeba chumvi, nayo hula tangi la ombwe lililo chini ya madigadi, mahali panapopigwa na tope na maji ya mvua. Kutu hutoboa tundu dogo kama la sindano, lisiloonekana kwa jicho lakini la kutosha kumaliza akiba. Tangi likaguliwe kila baada ya msimu wa masika.

Uvujaji una hasara nyingine. Hewa inayoingia kwa njia ya panya haikupimwa na kabureta, kwa hiyo mchanganyiko huwa na petroli kidogo na kuungua kwa joto kali. Injini ya kupozwa kwa hewa, katika mji wenye joto na foleni, haina nafasi ya kubeba mzigo huo wa ziada. Anayepuuza mpira huishia kulipia vali za injini. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Namna ya kuendesha nayo ni sehemu ya matunzo. Dereva asipumzishe mkono juu ya mkono wa gia. Uzito wa kiganja unatosha kugusanisha vipande vya umeme na kuachilia klachi bila yeye kujua. Katika mteremko wa kivuko cha Likoni, ambako magari hupita karibu na mamia ya waendao kwa miguu, klachi inayoachia ghafla au kushika kwa kishindo inaweza kumdhuru mtu. Vivyo hivyo Ndia Kuu na vichochoro vya Kibokoni, ambavyo mpango wake ni wa zamani kuliko gari lolote, haviachi nafasi ya gari kuruka hata hatua moja. Kwenye mwinuko, lizuie gari kwa breki, si kwa kukanyaga mafuta, kwani konvata itachemsha mafuta yake.

Kung'oa au kutengeneza?

Gari la aina hii likisumbua, ushauri unaotolewa upesi ni kuung'oa mtambo wote na kuweka sanduku la gia la klachi ya mguu. Ushauri huo una mantiki pale konvata imekufa na vipuri havipatikani. Lakini kazi yenyewe ni kubwa: hugusa kikanyagio, waya wa klachi, sanduku la gia na pampu ya mafuta ya konvata iliyo kwenye injini. Zaidi ya hayo, huliondolea gari kile kilicholifanya kuwa adimu. Na kwa mwenye ulemavu au maumivu ya mguu wa kushoto, mtambo huu ni sababu ya yeye kuweza kuendesha.

Kabla ya kukubali, mwenye gari ana haki ya kumwuliza fundi wake maswali matatu. Je, sumaku ya vali inalia mkono wa gia unaposhikwa? Je, servo inavuta na kurudi? Je, mpira mwembamba umeunganishwa kwenye venturi au kwenye manifoldi? Fundi anayeujua mtambo atajibu yote matatu baada ya uchunguzi mfupi, na mara nyingi jibu la tatu litatosha. Fundi asiyeweza kuyajibu bado hajafika mahali pa kushauri sanduku la gia ling'olewe.